Nyundo, Chokaa na Kokoto: Historia Fupi ya Zana na Malighafi za Mozaiki katika Nyumba ya Ibada

Utangulizi

Mgeni anayepita Buzuruga kwa barabara ya Musoma, akiinua macho kuvitazama vilima vya Mwanza, hahitaji kuambiwa kwamba amefika katika nchi ya mawe. Mawe yamekaa juu ya mawe, nyumba zimejengwa katikati ya mawe, na hata ziwani Jiwe la Bismarck limekuwa alama ya mji wetu. Kwa sababu hiyo haitakuwa ajabu kwamba katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100 ya usharika tumetenga kurasa chache kwa ajili ya mawe, na kwa ajili ya mikono inayoyavunja.

Historia za sharika huandikwa kwa kufuata majina na miaka: wainjilisti waliotangulia, wachungaji waliohudumu, wazee wa kanisa, wafadhili, na tarehe za kuweka mawe ya msingi. Ni vema na ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo, kila nyumba ya ibada inayo historia nyingine, nayo ni ya vitu vilivyoijenga na ya watu waliovitayarisha. Makala haya yanaitazama historia hiyo kwa kupitia kazi moja ya kale, yaani mozaiki. Tutaeleza zana na malighafi zake, namna ilivyofika katika makanisa, jinsi kazi za jamaa yake zilivyofanyika katika pwani yetu, na jinsi inavyohusiana na watu wa Mwanza. Hoja yetu ni moja: zana ya kwanza ya fundi wa mozaiki ni ileile ya mvunja kokoto, na kanisa linalokumbuka jina la mfadhili likalisahau jina la mvunja mawe limeandika nusu tu ya historia yake.

1. Mozaiki ni kazi gani?

Mozaiki ni picha au pambo linaloundwa kwa kupanga vipande vidogo vya mawe, vioo, vigae au kombe juu ya lipu mbichi, kila kipande kikikaa karibu na mwenzake mpaka sura nzima ionekane. Waswahili wa pwani wana neno la kale lililo karibu na kazi hii, nalo ni njumu, yaani kutia kitu kimoja ndani ya kingine kuwa pambo, kama vile vipande vya pembe vilivyotiwa katika viti vya heshima vya Lamu. Tofauti iliyopo ni kwamba katika njumu pambo hutiwa ndani ya mti au chuma, lakini katika mozaiki vipande vyenyewe ndivyo uso wa ukuta au wa sakafu.

Maandiko Matakatifu nayo yanaijua kazi ya namna hii. Katika Kitabu cha Esta 1:6 tunasoma habari za sakafu ya jumba la mfalme iliyopambwa kwa mawe ya aina na rangi mbalimbali. Katika 1 Mambo ya Nyakati 29:2 Mfalme Daudi anahesabu vitu alivyoviweka akiba kwa ajili ya nyumba ya Mungu, na miongoni mwake yamo mawe ya kutiwa, mawe ya rangi na marumaru kwa wingi. Na katika Kutoka 31, Bwana anapoagiza kazi ya hema, anawataja mafundi wawili kwa majina yao, Bezaleli na Oholiabu, pamoja na kazi ya kuchonga mawe. Jambo hilo la majina tutalirudia mbele.

2. Zana za fundi

Zana za mozaiki ni chache, na hazijabadilika sana tangu siku za Warumi. Ya kwanza ni nyundo yenye makali pande zote mbili. Ya pili ni tindo fupi na pana, iliyosimikwa katika gogo huku makali yake yakitazama juu. Fundi hukilaza kipande cha jiwe juu ya makali ya tindo, akakipiga kwa nyundo mahali panapoelekeana nayo. Jiwe hukatika kati ya makali mawili. Kwa pigo moja hupata mche, na kwa pigo la pili hupata kipande cha pembe nne. Siku hizi hutumika pia koleo la kukatia vigae na vioo. Zana nyingine ni zile za kila mwashi: mwiko, pimamaji, timazi, kamba, ndoo, brashi na sifongo.

Tukitoka katika karakana ya fundi huyo tukaja kwenye miamba ya Mwanza, tunamkuta mvunja kokoto. Amekaa chini, mbele yake lipo jiwe kubwa lililo bapa, mkononi ana nyundo, na aghalabu analizuia jiwe analolivunja kwa kipande cha mpira ili lisimrukie. Jiwe la chini limeshika nafasi ya tindo. Naye anajua kwa mkono wake mahali jiwe linapokubali kupasuka na mahali linapokataa, elimu ambayo mwanafunzi wa mozaiki huitafuta kwa muda mrefu. Tofauti ni kwamba mmoja hutafuta ujazo wa ndoo, na mwingine hutafuta umbo la kipande.

3. Malighafi na kitanda chake

Malighafi za mozaiki ni za namna mbili: vile vinavyoonekana, na vile vinavyovishika vinavyoonekana. Katika kundi la kwanza yamo mawe ya asili, vigae vya udongo na vioo. Warumi walipendelea mawe katika sakafu kwa sababu hustahimili nyayo. Makanisa ya kale yalipoanza kupamba kuta na madari, kioo kilipewa nafasi kubwa zaidi, maana ukutani hakikanyagwi, nacho hushika mwanga. Vipande vya dhahabu vinavyoonekana katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547, si dhahabu tupu. Ni karatasi nyembamba sana ya dhahabu iliyowekwa kati ya tabaka mbili za kioo. Tena mafundi wa kale hawakuvilaza vipande vyote sawasawa. Walivielekeza huku na huku kwa kadiri ndogo, ili mwanga wa mshumaa uchezecheze juu ya ukuta.

Kundi la pili halionekani, lakini ndilo linaloamua kama kazi itadumu. Vitruvius, mjenzi Mrumi aliyeandika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza kitanda cha sakafu kwa tabaka. Chini huwekwa mawe yanayojaa mkono. Juu yake huja kokoto na chokaa kwa kipimo cha tatu kwa moja, zikashindiliwa kwa nguvu. Kisha huja tabaka la vigae vilivyopondwa na kuchanganywa na chokaa, nalo tatu kwa moja. Ndipo vipande vya pambo hupangwa. Kwa maneno mengine, chini ya kila mozaiki njema ipo kazi kubwa ya kuvunja, kuponda na kushindilia ambayo mtazamaji haioni kamwe.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe katika moto mkali. Moto huondoa hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jiwe. Chokaa kikitiwa maji huwa laini, na kikiisha kupakwa hurudia kuivuta hewa hiyo kidogo kidogo mpaka kigeuke tena kuwa jiwe. Huo ni mwendo wa polepole, unaompa fundi nafasi ya kupanga vipande bila haraka. Saruji hushika upesi zaidi, na kwa hiyo anayeitumia hana budi kupaka sehemu ndogo tu anayoweza kuimaliza kabla haijakauka.

4. Mikate na samaki kando ya ziwa

Kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, ipo mozaiki moja inayostahili kujulikana kuliko nyingine. Mahali paitwapo Tabgha, ufukoni mwa Ziwa Galilaya, palijengwa kanisa la kale la ukumbusho wa Bwana Yesu kuwalisha watu elfu tano. Sakafu yake ya mozaiki ni ya karne ya 5. Kanisa lilibomoka, sakafu ikafunikwa na udongo, na mwaka 1932 wachimbaji wa mambo ya kale waliifunua. Karibu na madhabahu kuna picha ya kikapu cha mikate na samaki wawili, mmoja kila upande. Katika kikapu mikate inayoonekana ni minne tu. Wahubiri wengi wamependa kueleza kwamba mkate wa tano ni ule ulio juu ya meza ya Bwana.

Sehemu nyingine ya sakafu hiyo inaonyesha ndege wa majini, mayungiyungi, na mnara wenye alama za kupimia kina cha maji ya Mto Naili. Inadhaniwa kwamba fundi alikuwa ameiona nchi ya Naili, au alijifunza kutoka kwa watu walioiona. Sisi tunajua kwamba mto huo unatoka katika ziwa letu, pale Jinja nchini Uganda. Hivyo, miaka mingi kabla Injili haijahubiriwa kwetu, mto unaotoka katika ziwa letu ulikuwa umekwisha kuchorwa kwa mawe katika nyumba ya Mungu. Jina la fundi aliyepanga vipande vya samaki wale wawili hatunalo.

5. Kazi ya njumu katika pwani yetu

Katika Afrika Mashariki kazi iliyo jamaa ya mozaiki ni ya zamani. Waashi wa miji ya kale ya pwani walijenga kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi ni laini, huchongwa kwa urahisi, kisha hukazana yakikauka. Chokaa kilipatikana kwa kupanga magogo mengi kwa duara, kurundika matumbawe juu yake, na kuwasha moto. Baadaye chokaa kiliachwa kwa miezi kadhaa kipoe na kulainika kabla ya kutumiwa.

Katika lipu hiyo waashi walitia mabakuli na sahani zilizong'arishwa, zilizoletwa na majahazi kutoka Uchina, Uajemi na nchi nyingine za mbali. Mapambo ya namna hiyo yalikuwamo katika dari la msikiti mdogo wa kuba wa Kilwa Kisiwani, mji ambao magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Vivyo hivyo makaburi yenye nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa vyombo vya namna hiyo. Katika magofu mengi ya pwani vyombo vimeng'olewa au kuvunjika, lakini lipu ingali inaonyesha duara la mahali vilipokaa. Vilivyotoka mbali vimeondoka. Chokaa kilichochomwa hapa kimebaki na kumbukumbu yao.

6. Mkunazini, Unguja

Mfano ulio karibu zaidi na makanisa yetu uko Mkunazini, Unguja, katika Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko hilo. Kazi ilisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye wasomaji wa Kiswahili humkumbuka pia kwa kazi zake za lugha. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, ujenzi ukiwa haujakamilika. Askofu Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Paa la kanisa hilo ni tao moja lililofanyizwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, nalo limesimama hadi leo.

Madhabahu yake ina mapambo ya mozaiki. Yalikuwa zawadi ya Bibi Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni aliyefika Unguja mwaka 1877 na kuwafundisha wasichana huko Mbweni, kijiji walichokaa watumwa waliopewa uhuru. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu huyo, na jina lake limehifadhiwa kwa haki. Lakini ni nani walioyaponda matumbawe ya tao? Ni nani waliochanganya chokaa, wakabeba maji, wakapandisha ndoo juu ya jukwaa la miti? Habari inayosimuliwa sana juu ya waashi wa kanisa hilo ni kosa lao: wageni huambiwa kwamba baadhi ya nguzo zilisimamishwa kichwa chini wakati Askofu hayupo. Wageni huitazama nguzo, hucheka, kisha hupita. Watu walioinua paa ambalo halijaanguka kwa zaidi ya miaka 140 wamebaki katika kumbukumbu kwa kosa la nguzo, tena bila majina. Kwa kanisa lililojengwa mahali ambapo watu waliuzwa kama vitu, upungufu huo si mdogo.

7. Mwanza: kutoka udongo hadi saruji

Huku kwetu malighafi zilifika kwa hatua. Wajerumani walianzisha kituo cha Mwanza mwaka 1892. Reli ya Uganda ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali paitwapo leo Kisumu, ndipo mizigo mizito kutoka pwani ilipoweza kufika ziwani kwa reli na kuvushwa kwa meli. Reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Na saruji iliyotengenezwa nchini ilianza kupatikana kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilipoanza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ilikuwa bidhaa ya ng'ambo. Nyumba za kawaida zilijengwa kwa miti na udongo, au kwa matofali.

Katika mabadiliko hayo yote jiwe la Mwanza halikuhitaji meli wala reli. Mawe yetu mengi ni matale, magumu kuliko chokaa na marumaru. Wavunjaji huwasha moto juu ya mwamba mpaka upate nyufa, kisha huupasua kwa nyundo nzito. Vipande vikubwa huwa mawe ya msingi, na vidogo huvunjwavunjwa kuwa kokoto. Wengi wanaofanya kazi hii ya mwisho ni akina mama, baadhi yao wajane na wazee. Zege haliwezi kumwagwa bila kokoto, na kila kokoto ya mkono imepita kati ya vidole vya mtu. Hata sakafu ya terazo, inayopendwa kwa usafi na uimara, ni mdogo wake mozaiki: ni vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji, kisha vikasuguliwa kwa maji mpaka uso ung'ae.

8. Je, Mlutheri apambe ukuta?

Huenda msomaji akauliza kama kazi hii inatufaa sisi Walutheri. Swali hilo ni la tangu mwanzo wa Matengenezo. Mwaka 1522, Martin Luther akiwa mafichoni Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuondoa picha makanisani kwa ghasia. Luther alirudi mwezi Machi, akahubiri kwa siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba picha haziabudiwi wala hazimpi mtu wokovu, lakini pia si dhambi kuwa nazo. Zinaweza kufundisha na kukumbusha. Kwa msimamo huo, kipimo chetu si uzuri wa pambo peke yake. Tunauliza: je, linamwelekeza mtu kwa Kristo? Na je, limepatikana kwa haki, bila kumdhulumu aliyelitolea jasho?

9. Vilivyo karibu nasi

Usharika unaotaka kufanya kazi ya namna hii hauna lazima ya kuagiza kila kitu. Matale yana kijivu na wekundu hafifu. Mawe meupe yanayong'aa hupatikana kati yake. Tofali lililochomwa lina wekundu ulioiva. Vigae vilivyovunjika madukani vina rangi nyingi. Chupa zina kijani na kahawia. Katika karakana ya Kitengela, kusini mwa Nairobi, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, vioo vilivyotupwa vimegeuzwa kuwa madirisha na mozaiki. Iringa, kituo cha Neema Crafts cha Kanisa Anglikana, kilichoanzishwa mwaka 2003, kimewafundisha watu wenye ulemavu kazi nyingi za mikono, ikiwamo kutengeneza shanga za vioo vilivyotumika.

Mambo machache yazingatiwe. Vioo viwekwe ukutani, si sakafuni, maana vikivunjika hukata miguu. Ukuta ulowanishwe kabla ya kupaka lipu, usije ukanyonya maji upesi. Vipande visafishwe mafuta na vumbi. Viungo vijazwe kwa saruji nyeupe au ya rangi, na ziada ifutwe kwa sifongo kabla haijakauka. Kuta zenye unyevu utokao chini zitengenezwe kwanza. Anayekata mawe avae miwani na kufunika pua na kinywa, tena alowanishe jiwe, kwa kuwa vumbi la mawe magumu huharibu mapafu pasipo dawa ya kuyarudisha. Tahadhari hii ni haki ya mvunja kokoto sawasawa na fundi wa mozaiki, na kanisa linalonunua kokoto lina sauti ya kuisema.

Hitimisho

Mtume Petro anawafananisha waamini na mawe yaliyo hai yanayojengwa kuwa nyumba ya Roho (1 Petro 2:5). Kanisa letu la KKKT lenyewe liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba, kila moja likija na historia yake. Katika mozaiki kipande hakiyeyuki. Kinabaki na rangi yake, huku kitanda kimoja kikivishika vyote.

Basi, pamoja na shukrani kwa wageni wetu wa Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria na kwa wote waliochangia ujenzi, tunatoa pendekezo moja lisilohitaji fedha nyingi. Wazee na akina mama waliovunja kokoto, waliochota maji, waliobeba mchanga na kuchanganya zege kwa ajili ya nyumba za ibada za eneo hili, waulizwe wangali hai, na majina yao yaandikwe katika daftari litakalohifadhiwa pamoja na kumbukumbu za usharika. Waliokwisha kulala waandikwe kwa ushuhuda wa watoto wao. Bwana aliyewataja Bezaleli na Oholiabu kwa majina hakuona kwamba kazi ya mikono ni ndogo mno isiweze kuandikwa. Watakaosherehekea miaka 200 watalihitaji daftari hilo kuliko picha za sherehe zetu.

Kwa Mungu peke yake utukufu.